Baba, Mtungi Wako Niliuona Nairobi

Baba,

Tata Wangari ameondoka sasa hivi. Dada yako hajabadilika. Alikuja na mkungu wa ndizi, unga wa wimbi na blanketi la mtoto la rangi ya buluu, na kabla hata hajaketi aliweka mkono juu ya tumbo la mke wangu akasema, "Mbugua, wewe tulia humo, tunakungoja." Nyambura akacheka. Kisha akaingia chumbani, akakaa huko mpaka chai ikapoa. Mimi nilibaki sebuleni nimeshika blanketi, sijui niliweke wapi.

Ndiyo, Baba. Mtoto yuko njiani. Daktari wa hapa Thika anasema ni wakati wowote kuanzia sasa, na mashine ya picha imeonyesha ni mvulana. Nilitaka uwe wa kwanza kuambiwa, lakini umekuwa wa mwisho, kwa sababu kila nikikaa kukuandikia ninaogopa. Hata sasa ninaogopa. 

Mvulana wa kwanza anabeba jina lako. Hilo halina mjadala katika ukoo wetu. Baba yako alikuwa Ndung'u, wewe ukawa Mbugua, mimi nikapewa Ndung'u, na ndiyo maana ulikuwa ukiniita Baba. Nakumbuka watoto wa jirani walivyoshangaa. "Baba, niletee kamba." "Nakuja, Baba." Mama alikuwa akisema nyumba yake ina baba wawili na hakuna hata mmoja anayepasua kuni. Sasa ni zamu yako kurudi na zamu yangu kumwita mwanangu Baba. Kila mtu Ruiru anangoja hilo. Mama ameshaanza kuchagua mbuzi.

Na mimi sijui kama mtoto huyu ni wa damu yako.

Nimeliandika. Nimesimama, nimekunywa maji, nimerudi, na bado limeandikwa.

Najua haya si maneno ya mtoto kumwambia mzazi wake. Lakini wewe si mzazi wa kawaida. Maisha yako yote uliyazungumza mambo haya ya mbegu na mimba barabarani, umevaa kofia yako, mbele ya akina mama wa kanisa na machifu, bila aibu hata kidogo. Gari lako la mgongo wa kobe lilipokuwa likisimama pale kwenye zizi la mbao ulipopandishia ng'ombe kwa mrija, watu wakiwa wameshika ng'ombe wao kwa kamba, ulimuuliza kila mmoja ng'ombe wake alianza kulia lini kutaka dume na anatoa ute wa namna gani, na wakakujibu. Sasa mimi ndiye ninayekuletea ng'ombe barabarani. Nisikilize.

Unakumbuka ule mwezi wako wa mwisho, ulipokuwa ukitolewa nje asubuhi uote jua? Siku moja ulinishika mkono ukasema, "Baba, usimtume Nyambura hospitali peke yake tena. Nenda na wewe, wakupime." Halafu ukasema kwa sauti ya chini sana, "Yale matubwitubwi yalikushika vibaya." Na papo hapo nikakumbuka: nikiwa darasa la nane, uso umevimba, kisha uvimbe ukashuka chini, nikawa natembea nimetanua miguu, na wewe ukalala kwenye kiti kando ya kitanda changu. Kumbe miaka yote uliibeba hofu kwamba ugonjwa ule uliniharibia uzazi. Nyambura alikuwa akinywa mizizi ya kila aina, akiombewa kila mkesha, na wewe ulikuwa ukimwangalia na kuumia kimya kimya.

Tulikuzika. Mvua ndefu zilipoisha, nikaenda na Nyambura kupimwa.

Daktari ana ofisi Nairobi, katika ghorofa ambayo chini yake wanauza viatu. Ni mzee mpole, anaongea kama mtu aliye kanisani. Alinipima, akanieleza kwamba mbegu zangu ni chache, na hizo chache nyingi haziendi mbele, zinazunguka pale pale zilipo. Akasema si kwamba hakuna tumaini. Wanaweza kuzichukua, kuzisafisha, kuchagua zile zenye nguvu, na siku yai la Nyambura linapokomaa wanaziweka wenyewe ndani ya tumbo la uzazi kwa mrija mwembamba. Nikajikuta nimesema kwa sauti, "Kumbe ni A.I., kama ile ya ng'ombe!" Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Ndiyo, ni jamaa zake."

Nilidhani nitapata nguvu kwa kucheka. Lakini tukiwa njiani kurudi nilimwangalia kila mtu tuliyekutana naye kana kwamba ameandikiwa habari zangu. Unawajua watu wetu. Nikawasikia kabisa, pale sokoni Ruiru: Mbugua alipandisha ng'ombe za wilaya nzima, na sasa kijana wake anapandishiwa mke. Wangecheka mpaka mwaka mpya. Nikamwambia Nyambura tusimwambie mtu yeyote, hata Mama. Akakubali haraka, na nikajua na yeye anaogopa.

Siku ya kwanza ilikuwa ya aibu. Pale kwa daktari kuna chumba kidogo chenye kiti na pazia, na ukutani unasikia watu wakiongea nje. Nikapewa chupa ndogo ya kutilia mbegu. Nilikaa humo mpaka muuguzi akagonga mlango akauliza kama niko salama. Sikuweza, Baba. Daktari akanihurumia, akasema mwezi ujao niilete kutoka nyumbani, ila isichukue zaidi ya saa moja njiani. Thika ni mbali, kwa hiyo tukapanga kulala kwa Mama huko Ruiru, tuseme tumekuja kumsalimia.

Sasa usikie nilichofanya. Aliposema niilete haraka sikungoja amalize maelezo, nikamwambia, "Daktari, mimi ni mtoto wa mtu wa A.I., hii kazi naijua." Akatabasamu. Nami nilikuwa najua jambo moja tu, na nilikuwa nalijua tangu sijaanza shule: mbegu ikipata joto imekufa. Ulisema hivyo kila siku ya Mungu. Siku ile Njoroge wa dukani alipochungulia mtungi wako wa mbegu za madume zilizogandishwa na kuuacha wazi juani, ulimfokea mpaka akakimbia. Kwa hiyo jioni nilienda kwa duka la soda nikanunua barafu, nikaijaza ndani ya chupa yako ya chai, ile ya kijani uliyokuwa ukienda nayo kazini. Asubuhi nikafanya ilivyotakiwa, nikaifunga chupa ndogo vizuri kwa nailoni, nikaizamisha kwenye barafu. Niliona fahari. Nilijisemea, mzee angeniona leo angejua alilea mtu.

Tulipanda pikapu ya jirani inayopeleka maziwa Nairobi. Dereva akaiona chupa mapajani mwangu, akauliza, "Hiyo ni chai? Si unigawie kidogo, haki baridi itaniua." Nikasema haina maziwa, ni ya rangi. Akasema hata ya rangi anakunywa. Nyambura alikuwa amegeukia dirishani, mabega yanatikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka au analia.

Muuguzi alifungua chupa, akachungulia. Akauliza, "Ngai! Nani alikwambia uweke barafu?" Daktari akaja, akachukua tone, akaangalia kwa darubini kwa muda mrefu. Kisha akanipisha niangalie mwenyewe. Nikaona vitu vidogo vimelala. Hakuna hata kimoja kilichotikisika. Akanieleza polepole, bila kunicheka, kwamba ile ya ng'ombe huchanganywa kwanza na dawa ya kuilinda na baridi, ila hii ya mtu inayotoka nyumbani hukaa kwenye joto la mwili, kwapani au kifuani. Nilikutii wewe, Baba. Nilikutii, na nikaua zile chache nilizokuwa nazo.

Safari iliyofuata Nyambura aliibeba yeye, ndani ya sweta, kifuani. Njia nzima alikaa ameweka mkono pale. Daktari akasema mara hii zinatembea kiasi. Zikawekwa. Tukangoja, na siku zake zikaja. Tukarudia. Zikaja tena. Nilianza kuogopa mlango wa bafu. Akitoka huko na uso ule, sikuhitaji kuambiwa.

Ndipo daktari akatuita tukae. Akasema tunaweza kuendelea hivi mpaka tuzeeke, au tunaweza kufikiria mbegu ya mtu mwingine. Mtu tusiyemjua na asiyetujua, aliyepimwa magonjwa yote, pamoja na huu ugonjwa unaotumalizia vijana, na mbegu yake ikawekwa miezi sita ndipo akapimwa tena. Nikamwambia sitaki. Nikatoka nje, nikasimama kwenye ngazi juu ya wale wa viatu. Nilikuwa nakuona wewe, Baba. Nilikuona umesimama pale chini na kofia yako, unaniangalia.

Kwa wiki nyingi hatukulizungumza. Kisha siku moja nilitoka kazini kiwandani mapema, nikapitia Witeithie kwenye kibanda anachoshonea nguo Nyambura. Alikuwa anakunja pindo la sare ya shule, ameshika pini kwa midomo. Akazitoa moja moja, akazichoma kwenye mkono wa sweta, halafu akasema, "Mimi nataka mtoto wako. Akikosekana huyo, nataka mtoto wetu." Akarudisha pini mdomoni, akaendelea kukunja. Sare ilikuwa ya mtoto mdogo sana, wa nasari. Nikakaa kwenye benchi la wateja, nikamngoja amalize.

Tukarudi Nairobi. Daktari akatupa njia ambayo labda aliiona kwenye macho yangu. Akasema siku ya kwanza ataweka yangu, na kesho yake ataweka ya yule mtu. Mimba ikishika, hakuna atakayejua ni ya nani. "Hata mimi sitajua," alisema. Nilikubali kwa furaha. Nilidhani kutojua ni mahali pa kupumzika. Baba, si mahali pa kupumzika hata kidogo.

Ile siku ya pili nilikuwa nimekaa kwenye kiti, Nyambura amelala nyuma ya pazia. Muuguzi akauvuta mtungi kutoka pembeni. Ulikuwa mtungi wako. Rangi ile ile ya fedha, shingo ile ile nyembamba, na kifuniko chenye kizibo kirefu. Akaufungua, na ule moshi mweupe ukafurika, ukatambaa sakafuni mpaka kwenye viatu vyangu. Nikasikia harufu ya gari lako, sabuni yako ya dawa, majani ya napia. Karibu niseme funga haraka, jua litaingia. Akatoa mrija mmoja mwembamba kwa koleo, kama ulivyokuwa ukitoa wewe, na ndani ya mrija ule kulikuwa na mtu mzima ambaye sitamjua kamwe. Wewe ulikuwa na kitabu cha madume. Ulijua jina la kila dume, na mama yake alikamuliwa kiasi gani. Mimi niliambiwa tu kwamba ni Mwafrika, ana afya, na damu yake ni ya kundi langu.

Nikaogopa, na pia nikahisi uko humo ndani. Siwezi kueleza vizuri kuliko hapo. Nilijiambia kwamba umekuja kazini.

Mara hii siku zake hazikuja.

Watu wamefurahi, na furaha yao inanitisha kuliko masengenyo yao ya zamani. Kanisani waliimba. Kiwandani wenzangu wa chumba cha boila walininunulia soda, wakanipiga mgongoni, wakasema kumbe jogoo anawika. Nami nacheka nao. Mama anafunga macho akimtaja mtoto, anasema sasa akikutana na wewe atakuwa na habari njema. Na huyu Tata Wangari leo kabla hajatoka amesema jambo ambalo limenifanya nikuandikie. Amesema, "Nitamjua kwa vidole vya miguu."

Unavijua vidole hivyo. Kile cha pili kirefu kuliko kidole gumba. Ulikuwa navyo, baba yako alikuwa navyo, mimi ninavyo, Tata anavyo. Atakuja kumwona mtoto na wanawake wote wa ukoo, na chakula na nyimbo zao, na kabla hawajakaa atafunua blanketi. Nimeota hivyo mara nyingi. Anamfunika mtoto tena, vizuri kabisa, na ananiangalia.

Namwogopa Tata. Naogopa presha ya Nyambura, ambayo nesi wa Thika ameipima mara kadhaa akikunja uso. Naogopa siku kijana huyu atakapokua na kunikasirikia na kuniuliza. Zaidi najiogopa mimi. Nitakuwa wa kwanza kumshika, Baba, kabla ya Tata. Na kama mkono wangu utatangulia kwenda kwenye miguu yake kabla sijamwangalia usoni? Mtu anayeanza maisha na baba wa namna hiyo ameanza vibaya.

Na nakuogopa wewe. Jina ni lako. Ulikufa bila mtu wa kulibeba, na ulilingoja bila kunisukuma hata siku moja. Sasa labda nitamvisha mtoto wa mtu mwingine jina hilo, na sitakuuliza usoni kwa sababu sina njia. Jumapili iliyopita nilikuja Ruiru nikasimama kaburini. Nilipalilia, nikasawazisha mawe. Nilingoja. Sijui nilingoja nini. Ng'ombe wa jirani alilia huko chini kwenye napia, nikajisemea mtu angempeleka barabarani leo, amefika wakati. Hilo tu ndilo lililokuja.

Lakini nikiwa njiani kutoka pale nilikumbuka kitu. Ndama wa Ruiru. Unakumbuka walivyowaita? Hakuna aliyelijua dume lililomzaa ndama wake. Walisema tu, "Huyu ni wa Mbugua." Mtu akiuza, alisema ni wa Mbugua, ili bei ipande. Na wewe ukipita na gari ukiona mmoja amesimama kando ya njia, ulipunguza mwendo, ukachungulia dirishani, ukamuuliza mwenyewe, "Huyu wangu anakula vizuri?" Wako! Na wewe ulikuwa umembeba tu kwenye mtungi kutoka ofisini mpaka zizini. Nilipokuwa mdogo nilidhani kweli ni wako wote. Nilidhani wewe ndiye mtu mwenye ng'ombe wengi kuliko wote nchini, na nilishangaa kwa nini tunanunua maziwa.

Najua ndama hapewi jina la babu wa mtu. Usidhani nimepata hoja ya kukushinda nayo. Bado ninaogopa. Nimekumbuka tu sauti yako ukisema "huyu wangu", na haikuwa na wasiwasi wowote.

Nyambura ametoka chumbani sasa. Amelichukua lile blanketi, amelifua kwa maji ya moto, amelianika. Ameniona naandika na hakuuliza kwa nani. Amesema tu, "Msalimie." Haya, anakusalimia.

Basi nakuaga, mzee wangu. Huenda nikikuandikia tena tutakuwa tumepita upande wa pili wa jambo hili. Nakuahidi hivi. Atakuwa Mbugua, hata akizaliwa na miguu ya bata. Nikimshika nitamwangalia usoni kwanza, hata kama itabidi nimwombe Nyambura amvalishe soksi. Tata akifunua blanketi nitakuwa nimesimama hapo hapo, na lolote atakalosema atanisemea mimi. Na kijana akiuliza siku moja, nitamwambia ukweli nikiwa nimekaa, sina hasira, na nitaanza na habari zako na mtungi wako.

Lakini kuna jambo moja nisiloliweza peke yangu. Wewe hukuwahi kumwacha mtu aite mara mbili. Hata ukiwa umeingiza mkono ndani ya ng'ombe, glavu mpaka begani, mtu akikuita kutoka barabarani uliitika "Ee!" mpaka ng'ombe akashtuka. Siku ile watakaponipa mtoto, nitamwita Baba. Nitaita kwa sauti ndogo, kwa sababu nitakuwa naogopa.

Itika, Baba. Usiniache niite mara mbili.

Wako,
Ndung'u wa Mbugua
Kiganjo, Thika